Salamu Zilizofika Kombani

Mbula alikuwa na mazoea ya kuijibu redio.

Kila Jumapili alasiri, kipindi cha salamu kilipoanza, alikaa kwenye kigoda mlangoni na ungo wa kunde mapajani. Redio ilikuwa dirishani juu ya kichwa chake, imevishwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, cheupe chenye ukingo wa manjano. Mtangazaji akilitaja jina lake, Mbula aliinua kichwa akasema, kama mtu anayemjibu jirani ng'ambo ya ua, "Zimefika." Halafu akarudi kwenye kunde zake.

Mwangangi, mumewe, alimcheka. Alimwambia kwamba mtu yule yuko Nairobi, hamsikii. Mbula akamwambia kwamba yeye huomba mvua kila mwaka na hajamwona aliyemwitikia, na bado anaomba. Mwangangi hakuwa mtu wa maneno. Akaendelea kunoa jembe.

Waliishi Lukore, juu katika vilima vya Shimba, kwenye ardhi ya skimu waliyogawiwa walipotoka Machakos wangali vijana. Walilima mahindi, wakapanda michungwa, wakapigana na ndovu waliotoka msituni kila mahindi yalipoanza kukomaa. Watoto walikua, wakaondoka mmoja mmoja. Mutheu, binti wa mwisho, aliolewa Changamwe. Nyumba ikabaki na watu wawili, na mmoja wao hasemi. Ndipo Mbula alipoanza kununua kadi za salamu.

Yeye alikuwa amesoma kidogo, mkono wake uliweza kuandika. Mwangangi hakuuona mlango wa shule. Alimtazama tu mkewe akiinamia kadi juu ya meza, ulimi nje kama mtoto, akijaza majina ya watu asiowajua. Kadi ilitiwa posta Kwale, ikapanda hadi Nairobi, ikangoja foleni pamoja na kadi za nchi nzima, na baada ya majuma mengi, siku mwenyewe ameshasahau alichoandika, ikasomwa.

Kati ya wale watu wa kadi palikuwa na wachache wa pwani ya kusini waliojuana kwa kutajana. Biasha wa Kibuyuni. Kahindi, mlinzi wa Diani. Mapenzi wa Msambweni. Na Mbula wa Lukore. Kahindi aliwahi kuandika katika kadi yake kwamba hao ni Majirani wa Hewani, na jina likawakaa. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Hata sauti zao hawakuzijua, kwa kuwa sauti iliyosikika ilikuwa moja tu, ya mtangazaji.

Mwaka wa vurugu za Likoni, watu waliotoka bara walipokuwa wakishambuliwa, wakilala na viatu miguuni, Mbula hakuandika kadi yoyote. Mambo yalipotulia, Jumapili moja mtangazaji akasoma: Biasha wa Kibuyuni anamuuliza Mbula wa Lukore, je, mko salama huko milimani? Kadi ilikuwa imechelewa, hofu yenyewe ilishapita. Mbula aliuweka ungo chini akalia kama kwamba habari ni ya siku ile. Mwangangi hakumcheka tena baada ya hapo. Alinung'unikia betri tu, kwamba zinakwisha upesi.

Mbula alikufa mwezi wa tano mwaka uliofuata, katika hospitali ya Msambweni, wakati mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa bado hazijaiacha barabara. Miguu ilivimba, kisha moyo ukachoka. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na mchungwa alioupenda.

Mutheu alitaka tangazo la kifo lipelekwe redioni, kama watu wanavyofanya. Mama alijulikana, alisema, watu wake wajue. Mwangangi alikataa. Mutheu alipomuuliza sababu, akasema hapana tu, na Mutheu, aliyemjua baba yake, akaacha.

Sababu ilikuwepo. Jumapili ya kwanza baada ya maziko, waombolezaji wakiwa wamekwisha kurudi makwao, aliifungua redio ili nyumba isiwe kimya vile. Mtangazaji akasoma, bila kusita, kwa sauti yake ya siku zote: Kahindi, mlinzi wa Diani, anamsalimu Mbula wa Lukore. Mwangangi alisimama katikati ya nyumba, sahani mkononi. Akaelewa kwamba kuna mahali ambapo mke wake hajafa.

Tangazo likisomwa, huko pia atakufa. Watamtaja na lile neno la marehemu mbele ya jina, mara moja, na baada ya hapo hatatajwa tena.

Basi akanyamaza. Yeye aliyekuwa akinung'unikia betri sasa alizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo zaidi, na kila Jumapili akakaa, si kwenye kigoda bali kitandani, akangoja. Wakati mwingine Mbula alitajwa, wakati mwingine hakutajwa. Biasha alimkumbusha asiache kumeza dawa ya miguu. Mapenzi alimtakia mavuno mema. Mwangangi hakujibu. Salamu hazikuwa zake.

Hata Jumapili moja mwezi wa sita mtangazaji akachukua kadi akasema: hii inatoka kwa Mbula wa Lukore mwenyewe.

Mwangangi aliketi wima. Mbula aliwasalimu wote kwa majina. Kisha ujumbe wake ukasomwa: Majirani wa Hewani, tumesalimiana vya kutosha, sasa tukutane kwa macho. Jumamosi ya tarehe mosi Agosti, saa nne asubuhi, Kombani. Kila mmoja aje na redio yake ndiyo tujuane. Machungwa ni juu yangu.

Na mtangazaji akacheka, akasema Mama Mbula, na mimi uniwekee langu.

Mwangangi aliujua mpango huo. Mbula alikuwa akiuzungumzia tangu Krismasi. Aliichagua Jumamosi kwa sababu Ijumaa ni ya msikiti na Jumapili ni ya kanisa. Aliichagua Kombani kwa sababu pale njia ya Kwale inakutana na barabara kubwa, kila mtu atashukia bila kupotea. Lakini hakujua kwamba alikuwa ameshaitia kadi posta. Lazima aliituma kabla miguu haijamzuia kutembea.

Mutheu alipokuja kumwangalia, alikuwa naye amesikia. Wifi yake alimwita mbio kutoka jikoni, wakamsikiliza mama akialika wageni. Macho yalikuwa yamemvimba bado. Alimwambia baba yake kwamba kadi ya kuwazuia haitasomwa kabla ya Oktoba, ila tangazo la kifo husomwa siku ileile. Alipe tangazo, watu wasije kusimama barabarani na redio mikononi wakimngoja maiti.

"Nitaenda," Mwangangi alisema.

"Utaenda kuwaambia nini, Baba?"

"Nitapeleka machungwa."

Mutheu alimtazama. Akamuuliza kama hilo ni jibu. Mwangangi akatoka kwenda kuwafungia kuku.

Hakuwa amesema uongo. Alichokuwa amekiamua ni hicho tu: kupeleka machungwa. Wageni wa mke wake wasikose mwenyeji. Kama atawaambia au hatawaambia, hilo alilisogeza kando. Moyoni alikuwa na njia yake. Atasema Mbula amemtuma. Watakula, watafurahi, watarudi makwao, na Jumapili Mbula atatajwa kama kawaida.

Siku chache kabla, alishuka Kombani kutafuta pa kuwakalisha. Mbele ya steji ya matatu palikuwa na hoteli ya chai ya mwanamke mmoja Mduruma, jina lake Mbodze, mabati juu na mabenchi chini. Mwangangi alisimama mlangoni hata Mbodze akamuuliza kama anauzwa. Akasema anataka mabenchi mawili Jumamosi, chai na mahamri, kwa wageni.

Mbodze akataka kujua wageni wa nini.

"Wa mke wangu."

"Na mkeo mbona haji kupanga mambo yake? Siku hizi wanaume ndio wanaotumwa?"

"Nimetumwa," alisema Mwangangi, na Mbodze akacheka, akamsifu huyo mama kwa kumfunza mumewe adabu.

Uongo ule wa kwanza ulitoka kwa wepesi hata yeye akashangaa.

Siku yenyewe alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisani. Machungwa aliyachuma jana yake, akachagua kama Mbula alivyokuwa akichagua, yale yenye ngozi nyembamba, akayajaza katika vyondo viwili, vikapu vya katani alivyosuka Mbula mwenyewe. Redio aliibeba kifuani na kitambaa chake.

Alipofika Kombani aliona kosa.

Mbula alikuwa mwanamke mwerevu, lakini kila aliposhuka Kombani ilikuwa ni kupita tu, haraka ya kwenda na kurudi. Hakuwahi kutazama kilicho kando ya hoteli ya Mbodze. Palikuwa na meza ya fundi Kaingu, na Kaingu alitengeneza redio. Na Jumamosi ndiyo siku watu wa vijijini walipomletea. Pale mezani na kuizunguka walisimama watu wengi, kila mmoja na redio: begani, kwapani, kwenye mfuko, kichwani juu ya mzigo. Nani ni jirani wa hewani, na nani ameungua waya?

Mwangangi alikwenda kwa mzee mmoja mwenye redio kubwa, akamuuliza kama amekuja kwa ajili ya salamu. Mzee akamwambia hii haitoi hata salamu, inakoroma tu. Akamsogelea mwanamke mmoja. Naye akamuuliza, "Wewe ndiwe fundi?" na kabla hajajibiwa akamtilia redio mikononi. Kaingu mwenyewe, risasi ya kuchomea waya ikitoa moshi mbele yake, aliinua macho akauliza redio zote za Kwale zimeugua leo, au ni mkutano wa kumlalamikia yeye?

Saa nne ikapita. Mwangangi aliona watu wakitazamana kwa wasiwasi, mmoja anamtupia mwenzake jicho kisha anaona haya. Alijua wamo humo. Majina yao aliyajua kama alivyojua majina ya ng'ombe wake, lakini sura hakuwa na hata moja. Na baadaye kidogo wangeanza kuondoka, mmoja mmoja, wakidhani Mbula aliwadanganya.

Hilo hakuliweza. Mbula hakuwahi kumdanganya mtu.

Aliviweka vyondo chini. Akasimama penye nafasi, yeye ambaye kanisani hata sala ya shukrani alimwachia mkewe, akavuta pumzi, akasema kwa sauti aliyoisikia kila Jumapili kwa miaka:

"Salamu zimfikie Biasha wa Kibuyuni. Zimfikie Kahindi, mlinzi wa Diani. Zimfikie Mapenzi wa Msambweni. Zinatoka kwa Mbula wa Lukore."

Soko lote la pale steji lilimgeukia. Kaingu akaacha kuchomea. Kisha upande wa wauza ndizi ikasikika sauti nzito ya mwanamke.

"Nani huyo anayenitangaza sokoni kama samaki?"

Akajitokeza mama mnene wa makamo ya juu, buibui lake limepauka kwa chumvi, redio ameifunga ndani ya leso kama mtoto mgonjwa. Huyo alikuwa Biasha. Nyuma ya meza ya fundi, mwanamume mwembamba, mfupi, mwenye koti la sare lililomzidi, aliinua mkono kama mwanafunzi. Huyo alikuwa Kahindi, ambaye Mbula siku zote alimfikiria jitu lenye rungu. Na yule aliyekuja wa mwisho, akitabasamu, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye ndevu nyingi, alipojitaja kuwa ndiye Mapenzi, Kahindi alishika kichwa.

"Mimi nimekusalimu dada Mapenzi miaka miwili."

"Nilisikia."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Ulikuwa ukinisalimu vizuri sana, kaka. Niliona nisikukatize."

Biasha alicheka hata akashika meza ya Kaingu, na Kaingu akamwomba amhurumie, meza yenyewe ina mguu mmoja wa kuazima.

Mwangangi akasema yeye ni mume wa Mbula. Biasha alimtazama juu hata chini.

"Basi wewe ndiwe shemeji yangu. Naye mwenyewe yuko wapi? Au ametanguliza wewe na machungwa, yeye bado anajipodoa?"

"Amenituma," alisema Mwangangi.

Walikaa kwa Mbodze. Redio nne zikapangwa mezani. Chai ikaja, mahamri yakaja, mbaazi ikaja ambayo haikuagizwa, kwa kuwa Mbodze alikuwa amesikia jinsi mzee alivyotangaza akapendezwa. Mwangangi aliwamenyea machungwa kwa kisu, ganda likatoka mduara mmoja mrefu. Aliwasikiliza. Walizungumza kama watu waliolelewa nyumba moja. Kahindi alieleza kwamba lindoni saa za mchana anasikiliza kwa sauti ndogo, na jina lake likitajwa hujikuta amelipigia saluti gari la mtalii. Biasha aliuza pweza, na aliandika kadi kwa msaada wa mwanawe wa kike. Alikuwa akitamka, mwana akaandika, naye kila mara akamshuku kwamba amepunguza maneno. Kila mara walirudi kwa Mbula. Mbula aliyemwombea mke wa Kahindi alipojifungua. Mbula aliyewaambia watu wote wa Kenya, katika kadi, kwamba mumewe hasemi lakini huamka kabla yake kumwashia moto.

Hilo Mwangangi hakuwahi kulisikia. Siku liliposomwa pengine alikuwa shambani. Alikata chungwa kombo.

Alifikiri kwamba inawezekana. Chai itakwisha, wataondoka, na hatakuwa amesema.

Ndipo Biasha alipofungua mfuko wake. Alitoa leso mpya, bado ina harufu ya duka, nyekundu yenye maua meupe. Alieleza kwamba alinunua doti nzima akaikata, akapinda pindo kwa mkono. Kipande kimoja amekivaa yeye, na akalifunua buibui kuwaonyesha. Cha pili ni cha Mbula.

"Mpelekee, shemeji. Umwambie mwezi ujao kuna harusi Kibuyuni, na aje akiwa amekivaa. Nataka watu waulize, huyu na huyu ni ndugu?"

Mwangangi aliipokea kwa mikono miwili. Alifungua mdomo kusema atampelekea. Lilikuwa neno fupi. Tangu asubuhi alikuwa amesema mafupi kama hilo na yakapita. Hili halikupita. Salamu zilikuwa upepo. Aliona hakuna aliyeumia kwa kuziacha zizunguke. Lakini hiki kilikuwa kitambaa kilichokatwa. Huyu mama atasimama harusini na nusu yake, akitazama njia.

"Bibi Biasha," alisema. "Mbula tulimzika. Mwezi wa tano."

Kwa Kaingu redio moja iliyotengenezwa ilikuwa ikipiga muziki kwa nguvu. Kahindi aliinuka, akaenda kumnong'oneza fundi, na Kaingu hakuipunguza sauti. Alizizima zote zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine, kisha akavua kofia.

Biasha alisema innalillahi kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Mwangangi, na safari hii palikuwa na ukali ndani ya sauti yake.

"Na mimi namsalimu. Juzijuzi tu nimemwambia ameze dawa ya miguu."

"Zilifika."

"Zilimfikia nani?"

"Mimi."

"Na ukanyamaza?"

Mwangangi aliikunja ile leso, akaikunjua. Hakuna siku aliyowahi kusema maneno mengi kama aliyoyasema hapo, wala hakuyasema tena baadaye.

"Nilinyamaza kwa sababu redioni bado yupo. Nyumbani hayupo. Kanisani hayupo. Shambani naona pale alipoacha jembe lake. Lakini Jumapili anatajwa, kama mtu aliye hai, na watu wanamtakia mavuno mema. Nikiwaambia, na huko ataondoka. Sikutaka kumzika mara mbili. Mnisamehe."

Biasha aliufunika uso kwa upindo wa buibui. Ukali ulikuwa umemwisha. Mbodze, aliyekuwa amesimama na birika, alikumbuka alivyomtania kuhusu kutumwa, akaliweka birika chini, akaingia jikoni.

Mapenzi akaegemea meza. Aliuliza, kwa heshima, mama alifia wapi.

"Msambweni. Hospitali."

Mapenzi akasukuma kikombe chake kando. "Wodi ya akina mama?"

"Ndiyo. Kitanda cha dirishani."

Kijana akasema kwamba yeye anafanya kazi pale. Anafua mashuka, na kila asubuhi hupita wodini na toroli kukusanya yaliyochafuka. Hakuwahi kulitia jambo hilo katika kadi, kwa sababu watu hawapendi salamu zinazotoka hospitali, wanaona ni mkosi. Hata Mbula hangeweza kujua.

"Mzee," alisema, "nikiingia wodini mimi hutoa salamu moja kwa wote. Husema, shikamooni mama zangu. Nao huniitikia marahaba. Pale dirishani alikuwapo mama mmoja, miguu imemvimba, nywele nyeupe amezisuka mistari. Yeye hakuwa akisema marahaba."

Mwangangi aliishika leso kwa mikono miwili.

"Alikuwa akisema, zimefika. Kila siku. Mimi nilidhani ndicho Kiswahili cha bara."

Kahindi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mwangangi alifumba macho. Aliiona ile wodi, ambayo yeye aliruhusiwa kuingia jioni tu, na akaziona asubuhi zake ambazo hakuwahi kuziona, toroli linaingia, Mbula anainua kichwa.

"Ni yeye," alisema.

"Basi tulisalimiana," alisema Mapenzi. "Siku zote zile. Mimi na Mbula wa Lukore." Machozi yalikuwa yakimwingia ndevuni na hakuyafuta. "Siku moja nilipitiwa, sikumsalimu, nilikuwa na haraka. Akaniita. Akaniambia, mwanangu, leo hukuzileta."

Walikaa. Watu walipanda na kushuka steji. Mzee mmoja alikuja kuuliza kama hizi redio nne zinauzwa, Kaingu akamfukuza kwa mkono.

Baadaye Kahindi akakumbuka kitu kilichomtia mashaka. Kadi zao bado ziko njiani. Yeye ana mbili posta, Biasha naye ana zake. Mbula atasomwa Jumapili hata Jumapili, hata mwezi wa kumi, kama yuko hai. Wafanye nini? Waandike kuzizuia?

"Ziacheni," alisema Biasha. "Zisomwe zote. Na zikiisha, mimi sibadilishi. Nitaandika, nyumba ya Mbula wa Lukore. Nyumba haikufa, sivyo? Shemeji si yumo ndani?" Akamgeukia Mwangangi. "Lakini salamu lazima zijibiwe. Kwetu sisi, mtu kuiacha salamu ikining'inia ni dhambi. Huko nyumbani ulikuwa ukizijibu?"

Mwangangi akatikisa kichwa. Akasema hazikuwa zake.

"Sasa ni zako."

"Mtajuaje kama nimejibu?"

"Hatutajua," alisema Biasha. "Alipokuwa akijibu yeye, nani alijua?"

Waliachana adhuhuri, kwa kuwa Biasha alitaka kuswali kabla ya safari. Machungwa waligawana yote; Biasha alisimamia, na moja alilipeleka kwa Kaingu, kumshukuru kwa kuvua kofia. Ile leso Mwangangi alitaka kuirudisha. Biasha alikasirika tena, kidogo. Alimwambia akaiweke kitandani, upande wa Mbula, na binti yao akija aivae siku ya harusi, mtu wa nyumba ile asikose. Mapenzi alimbebea vyondo vitupu hadi kwenye gari, akamwinamia, akamwambia shikamoo, baba.

Mwangangi alisita, akamtazama.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Kesho yake kanisani alikaa mahali pao. Alasiri alizishusha betri kutoka juu ya bati, zikiwa na joto la jua, akazitia redioni, akaiweka dirishani na kitambaa chake. Leso ilikuwa kitandani, imekunjwa, upande wa ukutani. Alisimama kidogo chumbani. Kisha akakitoa kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa. Kilikuwa kifupi kwake, magoti yalimpanda hata kifuani. Kunde hazikuwepo, akachukua mahindi ya kupukuchua.

Zilisomwa salamu za watu wengi wa mbali. Alipokuwa ameanza kusinzia, mtangazaji akasema: Mapenzi wa Msambweni anamsalimu Mbula wa Lukore, anamtakia afya njema.

Mwangangi aliinua kichwa. Aliliweka gunzi chini kwanza, na mtangazaji hakumngoja. Alikuwa ameshafika kwa watu wa Kisii.

"Zimefika," alisema hata hivyo, na akaendelea na mahindi yake.